Dar hadi Mbeya kwa Baiskeli: Shilingi Huliwa na Siku

Anayepanga safari ndefu ya baiskeli huanza kwa kuulizia bei ya baiskeli. Swali ni halali, ila linampeleka dukani kabla hajajua anachokwenda kununua. Baiskeli unainunua mara moja, na ukifika unaweza kuiuza. Siku ya njiani haiuziki: ukishalipia kitanda, wali na maji, imekwenda. Anayetaka kusafiri kwa nafuu ahesabu siku kwanza, ndipo aingie Kariakoo.

Tuchukue njia ambayo waendesha baiskeli wengi wa Tanzania wanaiota: Dar es Salaam hadi Mbeya, kama kilomita 830, kupitia Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga na Makambako. Ina joto la pwani, ina hifadhi ya wanyama, ina ukuta wa mlima Kitonga, ina baridi ya Nyanda za Juu Kusini, na ni lami mwanzo hadi mwisho. Nitahesabu kwa shilingi 30,000 kwa siku: 15,000 ya gesti, 10,000 ya chakula, 5,000 ya maji na madogomadogo. Anayejibana atashuka chini ya hapo, na anayetaka kuku wa kuchoma kila jioni atapanda. Weka namba zako, hesabu ni ileile.

Baiskeli zinazogombaniwa na msafiri wa kipato cha kawaida ni mbili. Ya kwanza ni Phoenix mpya, ile nyeusi ya Kichina yenye magurudumu ya 28, breki za vyuma na keria ya kubebea gunia. Ya pili ni baiskeli ya gia ya mtumba, magurudumu ya 26, iliyoshuka na kontena. Tuseme Phoenix umeipata kwa 250,000. Ya gia umeipata kwa 300,000, ukampa fundi 60,000 ya cheni, breki na grisi, jumla 360,000. Kwa macho ya dukani Phoenix imeokoa laki moja na ushee.

Sasa itoe barabarani. Mtu mzima mwenye afya na mzigo wa wastani, juu ya baiskeli isiyo na gia, akienda kilomita 60 kwa siku kwenye milima ile amefanya kazi. Kwa gia, 85 si maajabu. Kwa 60 safari ni siku 14, sawa na 420,000. Kwa 85 ni siku 10, sawa na 300,000. Jumlisha baiskeli na siku: Phoenix 670,000, ya gia 660,000. Ile laki imeyeyuka, na magoti yako bado hayajaulizwa.

Hata hivyo sitamcheka anayechagua Phoenix. Spoku, tairi, tyubu na gololi zake ziko kila penye fundi chini ya mwembe, na kila fundi anaijua kwa kuipapasa. Tandiko lake la springi ni bora kuliko matandiko mengi membamba yanayokuja na baiskeli za mtumba. Kama ndiyo utakayokwenda nayo, mwombe fundi akutolee frihwili ya nyuma yenye meno 18 akufungie ya 22. Ni kazi ndogo, na mlima unashuka kwa karibu moja ya tano. Udhaifu wake mkubwa ni breki. Mpira unaobana rimu ya chuma iliyong'arishwa hushika vizuri kukiwa kukavu. Mvua ikinyesha unabaki unaomba Mungu. Ndiyo maana napendekeza Phoenix ielekee Mbeya, isitoke Mbeya. Kitonga uipande ukiisukuma, usiiteremke ukiwa na mzigo nyuma.

Kwenye ya mtumba, usinunue rangi. Nunua fremu ya chuma cha kawaida, isiyo na springi mbele wala katikati. Springi chakavu hunyonya nguvu ya mguu, na ikivunjika Ruaha Mbuyuni hakuna wa kukuuzia nyingine. Chuma kikipasuka, kila mji una mchomeleaji. Alumini ikipasuka utamtafuta fundi maalumu mpaka uchoke. Nenda na rula. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, hesabu vipande 24: kwenye cheni mpya pini ya mwisho huangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita 3 hivi, cheni imekwisha na yaelekea imeshakula meno ya gia, kwa hiyo unanunua vitu viwili na si kimoja. Mwambie muuzaji hivyo wakati mnapatana.

Kuna mtego mmoja wa tairi unaowala hata wazoefu. Neno "28" hubandikwa kwenye magurudumu mawili yasiyolingana. La Phoenix rimu yake ni milimita 635, na la baiskeli nyingi za kisasa za lami ni milimita 622, ambalo tena ndilo linaloitwa 29 kwenye zile za milimani. Tairi la moja haliingii kwenye jingine. Vivyo hivyo 26 ya milimani ni milimita 559, na baadhi ya baiskeli za Kijapani za kwenda sokoni ni 26 ya milimita 590. Soma namba ndogo zilizochongwa ubavuni mwa tairi, usisikilize jina. Ukiwa na 635 au 559 huna haja ya kubeba tairi la akiba kwenye barabara hii. Ukiwa na 622, beba, kwa sababu nje ya miji mikubwa utaoneshwa tairi la Phoenix na kuambiwa ni lilelile.

Je, zile baiskeli mpya za kusafiria, za mamilioni, kutoka Ulaya au Marekani? Ni nzuri. Kwa kilomita 830 hazina pa kurudishia fedha yake. Mjerumani Heinz Stücke aliondoka kijijini kwao Hövelhof mwaka 1962 akazunguka dunia kwa miongo mitano, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilibebwa na baiskeli moja ya chuma yenye gia tatu. Na kabla yake Mpolandi Kazimierz Nowak alikuwa amekwisha kuivuka Afrika kwenda na kurudi kati ya 1931 na 1936, sehemu kubwa kwa baiskeli, akijilipia kwa makala na picha alizotuma magazetini kwao. Wote wawili walijua wapi pa kubana, na hawakubana kwenye muda. Wao muda walikuwa nao. Wewe una likizo ya wiki mbili.

Kama nyumbani kuna baiskeli inayotembea, iwe ya mdogo wako au ya shemeji, hiyo inazishinda zote. Ipe matairi mawili mapya na cheni, uondoke. Ya mkopo ina bei yake ya heshima ukiirudisha imechakaa, lakini hilo mtalimaliza kifamilia.

Malazi ndiyo yanayobeba nusu ya bajeti ya siku, na hapo ndipo ushauri wa wageni unapotupoteza. Vitabu vya Ulaya vitakuambia beba hema, na kwao ni kweli: Norway na Sweden sheria inakuruhusu kulala nje kwenye ardhi isiyolimwa bila kulipa, huku chumba kikigharimu pesa nyingi. Barabara ya Mbeya si Norway. Hema la maana, godoro la kukunja na mfuko wa kulalia wa kuhimili baridi ya Mafinga mwezi Julai, hata ukipata kwa mtumba, tuseme 250,000. Ukigawa kwa gesti ya 15,000, hema linaanza kukulipa usiku wa 17. Safari yako ina usiku kumi, pengine kumi na nne. Ongeza kilo nne au tano za kupandisha Kitonga, na ongeza kwamba asubuhi umeamka bila maji ya kuoga.

Hema lina maana kwa anayekusudia kuendelea, aingie Malawi au Zambia, au anayekwenda njia za vumbi ambako kati ya mji na mji ni pori. Huko omba ruhusa kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ulale karibu na ofisi au shule. Kwa lami ya barabara hii kuu, gesti imeshinda.

Ila gesti nazo si moja. Iliyo ubavuni mwa stendi huwa ghali kidogo na ina honi usiku kucha. Ingia mtaa wa pili au wa tatu, bei hushuka na usingizi hupanda. Chumba chenye choo ndani hulipiwa zaidi, na kwa mtu atakayelala kwa saa tisa tu na kuondoka alfajiri ni anasa. Uliza kabla ya kulipa kama baiskeli italala chumbani. Ukiambiwa ilale uani kwa mlinzi, fikiria upya, maana kuibiwa taa na pampu kutakula akiba ya siku mbili. Hosteli za makanisa, za KKKT, za Wakatoliki na za Moravian, zipo kwenye miji mikubwa ya njia hii; ni safi, ni tulivu, na mara nyingi chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Piga hesabu pamoja na hiyo chai kabla ya kusema ni ghali.

Kwenye chakula sitakaa sana. Mama ntilie hashindiki. Jiko la gesi, sufuria, mafuta na chumvi ni mzigo na mtaji, na mitungi midogo ya kusafiria ni shida kuipata ukishatoka miji mikubwa. Wali maharage wa kando ya barabara tayari umepikwa kwa bei ambayo wewe peke yako huwezi kuifikia. Kula kwa wingi mchana pale malori yanapoegesha, kwa sababu madereva wa masafa hawarudi kwenye sahani ya hovyo. Nunua ndizi, karanga na mihogo ya kuchoma kwa ajili ya njiani. Ilula nyanya na vitunguu vimepangwa barabarani kwa ndoo na vitakutamanisha kwa bei, lakini hutavibeba.

Maji ni habari nyingine, kwa kuwa hayaonekani kwenye bajeti mpaka yamekwisha kuila. Kati ya Chalinze na Mikumi, kwenye joto, mwili utadai lita tano au sita. Kwa chupa za lita moja na nusu hizo ni chupa nne kila siku, na kwa siku kumi ni chupa arobaini, fedha ya kulala usiku tatu na zaidi. Mbadala ni vidonge vya WaterGuard kutoka duka la dawa. Kidonge kimoja kimepimwa kwa ndoo ya lita 20, kwa hiyo usikitupe kwenye chupa. Jioni ukifika gesti omba ndoo safi, jaza maji masafi kwa macho, weka kidonge, funika kwa nusu saa, kisha jaza chupa zako zote, na yanayobaki uyanywe palepale. Mabaki ya klorini yana ladha. Kipande cha limau kinasaidia, lakini kikamue wakati wa kunywa, si ndani ya ndoo. Soda nayo, niseme tu, ni kodi ya uchovu. Moja kwa siku inatosha.

Matairi: kwa safari hii nunua mapya mawili ya kawaida yenye ukuta mnene, usijitese na yale ya Kijerumani yenye utepe wa kuzuia pancha yanayouzwa kwa bei ya baiskeli nzima ya mtumba. Yale yanalipa kwa kilomita elfu nyingi. Adui wa barabara kuu ni nyaya nyembamba za matairi ya malori yaliyopasuka, zinazotapakaa pembezoni mwa lami. Kila unaposimama, pitisha vidole kwa uangalifu juu ya tairi, chomoa kilichonasa kabla hakijafika ndani. Dakika moja inaokoa kiraka, na kiraka kinaokoa nusu saa.

Vipuri beba mwenyewe, kazi mwachie fundi. Ufundi wa kijijini ni wa bei ya chini na mara nyingi ni wa hali ya juu. Kinachokosekana ni vifaa vyenye ubora. Beba tyubu mbili, spoku chache za urefu wa gurudumu lako, waya wa breki, kipande cha cheni, solusheni na viraka. Ukimkabidhi fundi spoku nzuri atakunyooshea gurudumu kwa bei ya chai. Ukimwachia atafute, atakuwekea iliyopo.

Mizigo usiinunulie mabegi ya pembeni ya dukani. Angalia wabeba mkaa wanaoingia Dar na baiskeli: wamefunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, na haifunguki. Viroba viwili vya plastiki vilivyoshonwa pamoja na kuning'inizwa pande mbili za keria, ndani nguo zikiwa kwenye mfuko wa nailoni, vitafika Mbeya. Keria ndiyo ya kuangalia. Ya baiskeli nyingi za mtumba ni ya mapambo. Chomelea ya nondo nyembamba.

Kuna pa kutobana. Kofia ngumu inunue mpya, maana povu la ndani likishapigwa mara moja halikulindi tena, na ya mtumba haisemi ilikotoka. Vesti ya kung'aa kama za bodaboda na kioo cha pembeni kutoka duka la vipuri vya pikipiki ni vya bei ndogo, na hicho kioo kitakuonesha basi kabla halijakupigia honi.

Namna ya kutoka Dar nayo ni uamuzi wa fedha. Barabara ya Morogoro kupitia Kibaha na Mlandizi ni fupi na ina malori ya nchi tano. Njia ya Bagamoyo kwenda Msata kisha Chalinze inakuongezea siku nzima, yaani 30,000. Ningeilipa bila kufikiri. Anayeona ni nyingi apande na baiskeli yake kwenye basi hadi Chalinze aanzie huko. Ameruka kilomita zaidi ya mia moja ambazo hazina cha kuonea fahari.

Mikumi usijadili. Barabara inapita katikati ya hifadhi kwa kama kilomita 50, na tembo, nyati na simba hawajui ratiba yako. Kutoka Doma panda chombo hadi Mikumi mjini. Patana bei ya baiskeli kabla haijapandishwa, konda akiwa bado chini. Ikishafungwa juu, bei anaitaja yeye. Kule Kitonga pia utaona vijana wakidandia malori yanayopanda polepole. Ni bure, na wapo waliokwisha kulipa. Shuka, sukuma.

Msimu unaweza kukuongezea au kukupunguzia siku kuliko gia. Nyanda za Juu Kusini mvua hushika kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kila siku unayokaa gesti ukisubiri inyamaze ni 30,000 bila kilomita hata moja. Juni hadi Agosti ni kavu, na upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, hivyo anayeelekea Mbeya hapigani nao uso kwa uso. Ukifika Makambako utauelewa. Watu hushawishika kupanda basi hadi Mbeya kisha kuteremka kwa baiskeli hadi baharini, mita 1,700 za mteremko kwenye karatasi. Karatasi haioneshi vilima vya katikati wala huo upepo, na kwa mwenye Phoenix kuna zile breki.

Kwenda wawili hupunguza zaidi ya ujanja mwingine wowote: chumba kimoja, pampu moja, ufunguo mmoja wa kila namba, dawa moja ya kuharisha. Wakiwa sita, mtu huja na wazo la kukodi kirikuu ibebe mizigo nyuma. Hesabuni siku zote za kukodi, mafuta, posho na malazi ya dereva, kisha gawanyeni kwa sita. Kwa vijana wenye miguu haina faida. Kama yupo mzee au mtu asiye na mazoezi, inaweza kuokoa safari. Makampuni yanayouza safari kama Tour d'Afrique, ya Cairo hadi Cape Town iliyoanza 2003, kimsingi yanauza hicho hicho: gari la mizigo, mpishi na fundi, kwa maelfu ya dola.

Fedha za njiani ziweke kwenye simu lakini usizitoe kidogokidogo. Makato ya wakala huenda kwa viwango, hivyo kutoa 20,000 kila jioni mara kumi ni ghali kuliko kutoa 100,000 mara mbili.

Inabaki kurudi. Kwa nauli elekezi ya mamlaka ya usafiri, LATRA, ya Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati, Mbeya hadi Dar ni kama 40,000 au 56,000 kwa mtu. Baiskeli ni mapatano mengine, na mpiga debe akiiwahi mikononi mwako bei imepanda. Nenda ofisini kwa basi lenyewe, jioni kabla ya siku ya safari. Treni ya TAZARA, ikiwa ina safari ya abiria siku zako, ina behewa la mizigo na haraka haina.

Au iuze Mbeya. Phoenix iliyotembea kilomita mia nane bado ni mpya machoni pa mkulima wa Uyole au Igurusi, na inaondoka upesi bila dalali. Ya gia husubiri mteja, na kila siku ya kusubiri unajua bei yake. Hapa ndipo Phoenix inapojikomboa kwenye ile hesabu ya mwanzo: ukiiuza kwa 170,000 na ya gia ikabanwa hadi 200,000 baada ya siku tatu za gesti, Phoenix imekugharimu 500,000 na ya gia 550,000. Kwa hiyo anayerudi na baiskeli achukue ya gia, na anayeuza achukue Phoenix. Risiti ya dukani itunze kwenye nailoni pamoja na kitambulisho, kwa sababu mnunuzi wa Mbeya ataiulizia kabla hajataja bei, na askari wa kizuizini ataiulizia kabla yake.